Maji ya ziwa yamegeuka kijani. Je, kuchemsha kunatosha?

"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kayenze huku Ilemela, Mwanza. Wiki ya pili sasa maji ya kwetu yamekuwa kijani kama yamemwagiwa rangi. Asubuhi yananuka, mchana ule uchafu unasukumwa unajaa ufukweni. Tunachuja kwa kitenge, tunachemsha, na mwenye hela anaweka kidonge cha klorini. Mwanangu wa miaka sita ameoga humo akatoka vipele na macho mekundu. Ndama wa jirani alikunywa palepale, siku ya pili akafa, ingawa hatujui kilichomuua. Baba mkwe anasema tusihangaike, ziwa linatapika tu, likimaliza maji yatakuwa mazuri kuliko mwanzo. Shemeji yangu aliyeko Pemba ndiye ananitisha: anasema kwao kuna sumu ya mwani wa baharini iliyoua watu waliokula kasa, na moto hauiondoi. Je, sumu hiyo imefika ziwani? Nikichemsha muda mrefu zaidi si itakufa? Na dagaa tuache?"

Mama, kabla ya maelezo yoyote: kama ndoo yako bado inazamishwa pale penye utando wa kijani, acha leo hii. Mengine tutayazungumza taratibu.

Nianze na shemeji yako, maana ndiye aliyekunyima usingizi. Alichosema si uzushi. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakafikishwa hospitali. Sumu ya namna hiyo inaaminika kutoka kwenye mwani wenye sumu ambao kasa ameula, ikabaki mwilini mwake bila kumdhuru yeye. Lakini mwani ule ni wa maji ya chumvi, haujapanda basi kuja Mwanza. Ziwa letu lina wa kwake, tena ni wenyeji wa siku nyingi. Pale shemeji alipopatia ni kwenye moto, na nitafika hapo.

Unachokiona si uchafu, wala si gugu maji changa. Ni sainobakteria: viumbe wadogo mno, wa ukoo wa bakteria, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mmea. Ndiyo maana wengi huwaita mwani wa kijani-bluu. Katika Ghuba ya Mwanza anayejulikana sana kwa sumu anaitwa Microcystis. Tone lake moja chini ya darubini linafanana na kipande cha sponji kilichotobokatoboka, na ndani ya sponji hiyo kuna vidoa vya mviringo mamia kwa mamia. Kila kidoa ni kiumbe kamili, na kila kimoja kina vifuko vya hewa vinavyokifanya kielee.

Hivyo vifuko ndivyo vinavyoeleza habari yako ya asubuhi na mchana. Usiku ziwa likitulia, viumbe waliokuwa wametawanyika kwenye kina kirefu huelea juu, ndipo alfajiri unasikia ile harufu ya udongo na majani yaliyooza. Mchana upepo wa ziwani unavuma kuelekea nchi kavu na kuwasukuma wote kwenu. Kilichokuwa kimesambaa kilomita kadhaa, kiasi kwamba mwenye mtumbwi asingekitambua, kinarundikwa kwenye ufukwe mmoja kikawa uji. Hatua mia kutoka hapo, nyuma ya jabali, maji yanaweza kuwa ya kawaida kabisa. Likumbuke hilo, litakusaidia.

Si kila Microcystis hutengeneza sumu. Wengine wanayo, wengine hawana, na wote hufanana. Sumu yenyewe, mikrosistini, watafiti wameikuta katika maji ya Ghuba ya Mwanza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta aina nyingi za mikrosistini katika sampuli ya utando kutoka hapahapa. Kwa hiyo siwezi kukuambia huo wa kwenu una sumu. Kwa macho hakuna awezaye, nami nimo. Tunauchukulia kuwa unayo mpaka maabara iseme vingine.

Sasa baba mkwe. Mpe heshima yake, kwani nusu ya neno lake ni sayansi. Chakula cha viumbe hawa ni fosforasi na naitrojeni. Mito kama Simiyu inavileta pamoja na udongo na mbolea ya mashambani, na Mirongo unaokatiza mjini unabeba kila tunachokitupa humo. Fosforasi nyingi huzama na kushikwa na matope. Oksijeni inapokwisha kule chini, matope huiachia, na upepo ukilikoroga ziwa inapanda juu. Hapo ziwa linatapika kweli, ila linatapika tulichokilisha wenyewe. Matope ya chini, yakikatwa na kusomwa tabaka kwa tabaka, yanaonyesha kwamba zamani mwani wa aina nyingine, diatomu, ndio uliokuwa na nguvu. Kufikia miaka ya 1980 sainobakteria walikuwa wameshatamalaki. Na usitegemee maji haya yatapita yaende zake: ziwa lina mto mmoja tu wa kutolea maji, pale Jinja, Uganda, na maji yake yote kubadilika huchukua zaidi ya miaka 20.

Nusu ya pili ya maneno ya mzee, kwamba likimaliza maji huwa mazuri, nitairudia mwishoni. Hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi.

Kuhusu kuchemsha. Vijidudu vya kipindupindu na taifodi vina uhai, moto unavitoa roho. Mikrosistini si kiumbe, haina roho ya kutolewa. Ni kijipande cha asidi amino 7 zilizofungwa duara, kama shanga za kiunoni zilizokwisha kufungwa fundo. Uzi ulio wazi hufumukia kwenye ncha, lakini duara halina ncha, na joto la maji yanayochemka halitoshi kulikata. Kibaya zaidi, sumu hii mara nyingi imehifadhiwa ndani ya kiumbe chenyewe. Ukichemsha unampasua, na kilichokuwa tumboni mwake kinaingia kwenye sufuria yako. Kisha kadiri unavyoendelea kuchemsha ndivyo mvuke unavyoondoka na sumu inavyobaki. Unajua mchuzi ulioachwa jikoni unavyozidi chumvi. Ndivyo itakavyokuwa: ndoo ya lita 20 iliyochemka hadi ikabaki 15 ina sumu ileile kwenye maji machache. Agosti 2014 jiji la Toledo, Marekani, lililo kando ya Ziwa Erie, liliwatangazia wakazi wapatao 400,000 wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu hii hii, na tangazo likasisitiza: msiyachemshe.

Lakini nisikilize vizuri, nisije nikakuponza. Sisemi uache kuchemsha. Maji yoyote ya ziwa, yawe meupe kama kioo, yana vijidudu vinavyoua mtoto kwa siku mbili, na mtoto akiharisha huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni hivyo vijidudu, si mwani. Chemsha kila siku. Ninachosema ni kwamba kuhusu utando huu uamuzi unafanyika ziwani, kabla ndoo haijaguswa na maji. Jikoni umeshachelewa.

Klorini ina habari tofauti kidogo. Inaweza kuvunja mikrosistini iliyoyeyuka, ikiwa maji ni meupe, kipimo kinatosha na muda ni mrefu, kama inavyofanyika kwenye mtambo wa maji. Katika ndoo ya kijani, kidonge kinamalizwa na huo ukijani wenyewe kabla hakijaifikia sumu, na njiani kimeshawapasua viumbe kadhaa. Kitenge kilichokunjwa mara nne kinanasa sponji kubwa kubwa, ni nafuu, lakini sumu iliyokwisha kuyeyuka inapita kama chai kwenye chujio. Shabu na mbegu za mlonge huzamisha viumbe wakiwa wazima, na hilo ni jema ukikoroga polepole na kumimina maji ya juu mapema, kabla ya mashapo kuanza kuoza. Hata hivyo kilichoyeyuka kinabaki. Kuhusu ndoo za mchanga na mkaa: mkaa wa jikoni si ule mkaa maalumu wa kusafishia maji unaotumika mitamboni, usiuamini kwa kazi hii. Na maziwa, ambayo huku tunampa kila aliyekula sumu, hayana lolote la kufanya hapa.

Sumu hii inafanya nini mwilini? Inapenda ini. Seli za ini zina milango ya kupokea chumvi za nyongo, na mikrosistini inapitia humohumo kama mgeni aliyepata ufunguo wa mwenye nyumba. Ikishaingia, inafunga vimeng'enya vinavyodhibiti mihimili inayoipa seli umbo. Mihimili inasambaratika, seli inanywea, na dozi ikiwa kubwa ini linavuja damu kwa ndani. Dozi ndogo ya kila siku haikuangushi, ila inalichosha ini miaka nenda rudi, na wapo wengi huku ambao ini lao tayari lina mzigo wa homa ya ini au pombe. Kwa maji ya kunywa maisha yote, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 1 kwa lita, na kwa muda mfupi isizidi 12. Mikrogramu 1 kwa lita ni sawa na robo ya kijiko cha chai cha sukari iliyoyeyushwa kwenye matenki 100 ya lita 10,000. Maji ya katikati ya ghuba yanaweza kuwa chini ya kipimo hicho, na utando uliorundikana ufukweni ukakizidi mara elfu. Umeona kwa nini nasema hatua mia zina maana?

Ukitaka kujua kama ni sainobakteria au mwani wa kawaida, fanya hivi. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, jaza chupa angavu ya maji robo tatu, funga, iweke kivulini usiitikise mpaka kesho. Kijani kikipanda na kufanya pete juu, huku maji ya chini yakiangaa, karibu hakika ndio hao. Kikizama, huenda ni mwani usio na neno. Kijiti nacho husema: kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, ni mwani mwingine, kikitoka kimepakwa kama kimechovywa kwenye kopo la rangi, rudi nyuma. Na ukiona kwenye mawe doa la bluu ya maziwa, ambalo mtu angedhani ni sare ya shule imechuja rangi, ujue hao wameanza kufa na kumwaga kilichomo. Vipimo hivi vinakuambia ni nani, havikuambii kama ana sumu.

Sasa uchote wapi? Bora kuliko yote ni bomba au kilula, hata kama ni mbali na unalipia. Najua hesabu za dumu kwa siku. Kama mfuko unaruhusu dumu moja tu la bomba, liwe la kunywa na la uji wa watoto na la mjamzito kama yupo. Ya ziwa yabaki ya kupigia deki. Mvua ikinyesha na una bati, kinga, ila maji ya dakika za mwanzo yaache yaoshe paa. Kisima cha mchangani, kile cha kuchimba nyuma ya ufukwe, ni cha wazee na kina akili: mchanga unachuja, na bakteria waishio humo hula sehemu ya sumu. Kikiwa mita chache tu kutoka majini hakisaidii sana, na kikiwa jirani na choo umeruka majivu ukakanyaga moto. Kichimbe mbali na vyote viwili, na uchemshe.

Ikibidi ziwa, basi nenda kwa mtumbwi upande ambao upepo unatokea, mpaka uuache ukijani nyuma. Zamisha dumu likiwa limefungwa, lifungulie chini urefu wa mkono, lifunge kabla ya kulitoa, ili usikombe uso wa maji. Chuja, chemsha. Hii ni ya mwisho kabisa, na kwa mtoto mchanga mimi nisingeitumia.

Dagaa. Sitakuambia uache, maana ni nyama ya watoto wetu na mbadala wake kwa bei ile haupo. Ndani ya samaki sumu hukaa zaidi kwenye ini na utumbo, kwenye mnofu ni kidogo. Sangara na sato watoe matumbo yote na ini, osha kwa maji safi, kula. Dagaa tatizo lake ni kwamba tunamla na tumbo lake, na jua wala mafuta ya moto hayaiondoi sumu. Lakini dagaa wengi huvuliwa usiku kwa taa, mbali na ufuko. Hao mimi nakula. Wale wa kukokotwa palepale penye kijani waache mpaka maji yatulie, na dagaa wasioshwe kwa maji ya utando pale mwaloni, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Samaki wanaoelea wamekufa usiwaokote. Mara nyingi wamekosa hewa, kwa sababu usiku utando huo huo unamaliza oksijeni, lakini hujui wamekufa tangu lini na kwa nini.

Mimi ni mtu wa maji, si daktari, kwa hiyo kuhusu mwanao nitasema kidogo. Vipele na macho mekundu baada ya kuoga kwenye utando vinalingana na mwani huu, hasa kama vimejaa pale chupi inapobana, kwa kuwa utando hunasa kwenye nguo na kusugua ngozi. Mwogeshe kwa maji safi na sabuni, zile nguo zifuliwe. Lakini ufukwe wetu una kichocho, nacho huanza kwa kuwasha hivihivi, kisha hunyamaza miezi, mtoto akaja kuonyesha damu kwenye choo na tumbo kuvimba. Mpeleke zahanati apimwe, hata vipele vikiwa vimekauka. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inafanya kazi.

Usisubiri, usijaribu mitishamba, nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo ukiona yeyote aliyekunywa maji hayo anatapika bila kukoma, analegea, ana maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, macho yanakuwa manjano, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Mwambie mhudumu wazi kwamba alikunywa maji ya kijani, na lini. Asipoambiwa hawezi kulifikiria, na dawa ya kuipindua sumu hii hakuna. Kinachookoa ni kulitunza ini mapema. Kama nyumbani kuna mtu anayesafishwa damu kwa mashine, yeye ni wa tahadhari kubwa kuliko wote. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, maji yenye mikrosistini yaliingia kwenye mashine za figo na zaidi ya wagonjwa 50 walikufa.

Ndama anaweza kuwa ameuawa na maji. Habari hii ni ya zamani: mwaka 1878 George Francis aliandika kuhusu ziwa la Alexandrina huko Australia, ambako mifugo iliyokunywa utando mzito kama rangi ya mafuta ya kijani ilikufa ndani ya saa chache. Ila ndama hufa kwa mengi, ndigana likiwemo, na mnyama anayekufa ghafla anaweza kuwa na kimeta. Kama mzoga haujafukiwa, asiuchune mtu wala asiule. Aitwe afisa mifugo. Ng'ombe waliobaki wanyweshwe kwenye birika mbali na ufukwe.

Toeni taarifa pia kwa ofisi ya maji, au RUWASA, wakala wa maji vijijini, kama mko kijijini, na kwa bwana afya, ili sampuli ichukuliwe. Ombeni wao waichukue. Chupa iliyokaa juani nusu siku kwenye bodaboda haina la kumwambia mtu.

Nimeahidi kurudi kwa mzee. Siku moja utaamka, utando haupo, maji yanaangaa, na yeye atasema si niliwaambia. Siku hiyo ndiyo usichote. Viumbe wale wakifa kwa pamoja hupasuka, na sumu iliyokuwa ndani yao inakuwa imeyeyuka kwenye hayo maji mazuri, haina rangi, haina ladha, kitenge hakiioni. Bakteria wengine wa ziwani wataila, lakini inawachukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Mimi kwangu, bila kipimo cha maabara, ningehesabu wiki mbili tangu kijani kilipotoweka ndipo nirudi na ndoo.